Ajuza wa Amu Aliyefuturu Nyuma Yetu

Sisi wa ushairi wa Kiswahili tumezoea kuishi na watu wasiotumia majina yao. Kurasa za mashairi magazetini, tangu siku za Mambo Leo lililoanza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1923, zimelea malenga wengi wanaofahamika kwa lakabu kuliko kwa majina waliyopewa na baba zao. Amiri Sudi Andanenga alijiita Sauti ya Kiza, na sijapata kusikia msomaji aliyemdai kitambulisho. Kwa hiyo kikundi chetu cha WhatsApp kilipopata mgeni aliyetaka aitwe Bi Mkubwa, basi, bila jina la baba wala la ukoo, hakuna aliyenyanyua kichwa. Alipiga hodi kwa ubeti, kama ilivyo ada yetu:

Hodi hodi wenye nyumba, mlango nifunguliwe,
Ni ajuza si mchumba, pembeni nitandikiwe,
Kwetu Amu nimeumba, tungo hizi zisikiwe,
Ni mgeni nawaomba, kwa wema nipokelewe.

Mizani zimetimia, vina vimekaa, na ule mzaha wa "si mchumba" ukawachekesha wazee wetu wote. Alikaribishwa kwa beti za majibu usiku kucha. Baadaye, kwa maneno ya kawaida, akajieleza kidogo: mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, mjane, umri umeshapita sabini, sasa anaishi kwa mwanawe Temeke, Dar es Salaam, na macho yakimchoka mjukuu humwandikia.

Mimi ni mwanamke, mmoja wa maadmini watatu. Naishi Tanga, nafundisha Jiografia sekondari, na kikundini wananiita Mwalimu hata wale walionizidi umri. Wenzetu wako Mombasa, Pemba, Bujumbura, Lubumbashi, Muscat, na wachache Ulaya. Kazi yangu kubwa ni kuwahesabia vijana mizani na kufuta matangazo ya dawa za nguvu. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mpelelezi wa mtu. Nilikuwa na furaha tele kumpata bibi wa Kiamu wa kutusahihisha.

Naye alitusahihisha kweli. Vijana ambao mimi nikiwaambia mshororo huu umezidi silabi hunijibu kwa kikaragosi cha kucheka, yeye akiwaambia walirekebisha na kushukuru. Wazee wenye ndevu nyeupe walianza siku kwa "Shikamoo Bi Mkubwa", naye akawarudishia "Marahaba wanangu". Wanawake wakawa wanamfuata inboksi. Nilijua wanamfuata kwa sababu walikuja kuniambia: Mwalimu, yule mama ana hekima.

Kitu kimoja tu hakufanya. Hakutuma sauti. Kwetu kughani ni nusu ya shairi. Mtu akimaliza kuandika huliimba na kulituma lisikike. Yeye alisema ni mwanamke wa kale, hawezi kupaza sauti mbele ya wanaume asiowajua. Nani angembishia? Mama yangu mdogo hadi leo hapokei simu ya namba ngeni, mpaka ampe mwanawe aseme "halo" kwanza.

Wa kwanza kutikisa kichwa alikuwa mzee mmoja mzaliwa wa Lamu, siku nyingi mkazi wa Mombasa. Bi Mkubwa alikuwa ameleta shairi la kumlilia marehemu mumewe, na ndani yake mlikuwa na mshororo huu: "Nimekifunua tuo, mato yakajaa tozi." Kikundi kizima kilikuwa kinalia. Yule mzee akaniandikia pembeni.

"Mwalimu, mato ni sawa. Tozi ni sawa. Hiyo tuo ni nini?"

Nikamwambia bila shaka ni chuo, kitabu, kwa Kiamu.

"Kwa Kiamu chuo ni chuo," akajibu. "Vikiwa vingi ni zuo. Hapana Mwamu, mkubwa wala mtoto, asemaye tuo."

Kwa asiyefuatilia mambo ya lahaja nieleze kidogo, maana hapa ndipo kisa kilipoanzia. Watu wa Lamu na Mombasa husema mato badala ya macho, nti badala ya nchi, matozi badala ya machozi. Mtu wa bara akisoma tenzi za zamani hujitungia kanuni: popote penye ch, weka t. Lakini ch ya chuo, chakula au chombo imetokana na ki- ya ngeli iliyokutana na irabu, na hiyo haigeuki t kamwe. Mwenye lugha yake hahitaji kuambiwa. Ulimi wake unajua. Anayekosea hapo ni yule aliyejifunza Kiamu vitabuni, tena akajifunza vizuri, hadi akapitiliza.

Nilimwambia mzee kuwa neno moja si ushahidi. Bibi wa miaka sabini aliyeishi Dar muda mrefu anaweza kuchanganya, na mjukuu anayeandika anaweza kukosea. Akakubali kwa shingo upande. Kesho yake, kikundini, mbele ya watu wote na kwa adabu kubwa, akamuuliza: "Bi Mkubwa, nyumbani ni Mkomani au Langoni?"

Mji wa Lamu una pande hizo mbili na kila Mwamu ana upande wake. Jibu likachelewa. Kisha likaja: "Katikati, mwanangu."

Mzee hakusema kitu. Alinitumia tu ujumbe kwamba Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye ule utenzi wake, alitaja mwishoni jina lake, la baba yake, na Pate alikozaliwa, akaweka na mwaka wa Hijria, 1275, ambao kwa kalenda ya miladi ni 1858. "Mtu wa kwetu hutaja atokako," aliandika. "Hakai katikati."

Mimi bado nilikuwa nasitasita, mpaka ukaja Ramadhani wa mwaka 2024, mwezi Machi.

Kikundini mwetu saa za magharibi huwa kelele tupu. Watu wanatuma picha za tambi, wanaombeana dua, mwingine anauliza nani amesikia adhana. Tanga, Dar na Unguja tuko karibu sana kwa jua. Likizama kwetu mnamo saa kumi na mbili na nusu, Temeke nako limezama, tofauti haizidi dakika moja au mbili. Bi Mkubwa alikuwa na mazoea ya kuaga kwa maneno mafupi: "Adhana hiyo, wanangu, nikafungue." Siku ya kwanza nilipoyasoma nilikuwa nimeshakula tende, nimeshaswali, nimeshakaa na uji wangu. Nikasema mtandao. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikatazama saa ya ujumbe kwa makusudi: saa moja na dakika kumi.

Na daku ilikuwa hivyohivyo, kwa upande wa pili. Misikiti ya Tanga ilishaadhini alfajiri, yeye anatuambia mjukuu anampashia wali.

Mwalimu wa Jiografia hawezi kuliacha jambo hilo lipite. Dunia huzunguka nyuzi moja ya longitudo kwa kila dakika nne. Tanga iko kwenye nyuzi 39 na kidogo mashariki. Mtu anayeona jua linazama dakika thelathini na nane hivi baada yangu, na saa yake ni ileile ya Afrika Mashariki, yuko nyuzi tisa na nusu magharibi yangu, yaani karibu na nyuzi 30. Nikafungua atlasi ya darasani. Kwa namba ya simu inayoanza na 255, yaani ya Tanzania, hapo ni mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kigoma. Na Kigoma, penye Waislamu wengi na jadi ndefu ya Kiswahili, mtu wa kwanza kumfikiria ni wa Ujiji.

Nikakumbuka basi vitu vidogo nilivyovipuuza. Aliwahi kumwelekeza binti mmoja namna ya kupika mgebuka, na mboga ya majani kwa mawese. Mgebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika. Dar unauzwa, ni kweli, lakini bibi wa Lamu angeanza na nguru au changu.

Kilichonishawishi hasa ni hiki: watu wakitaka kudanganya huficha jina, umri, picha na mji. Saa ya kula daku hakuna anayekumbuka kuificha.

Wakati mimi nahesabu nyuzi, wenzangu nao walikuwa wameshaanza yao. Shaka ni kitu kisichokaa kifuani mwa mtu mmoja. Kikafunguliwa kikundi cha pembeni, cha watu wanane au tisa, cha "kuchunguza", na mimi nikaingizwa bila kuulizwa. Kule ndani kulikuwa na kila aina ya nadharia. Mmoja alishika kwamba Bi Mkubwa ni malenga fulani wa Pemba tuliyemwondoa kwa matusi, amerudi kwa laini nyingine. Mwingine alisema si mtu kabisa, ni akili mnemba. Mwaka huo kila aliyemshinda mwenzake kwa vina alishukiwa kuwa mashine. Hiyo tuliimaliza haraka. Kijana mmoja aliiambia programu itunge tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ikaleta vina vizuri na mishororo ya silabi kumi na tatu, kumi na nane, kumi na tano, kama ngazi iliyokosa vidato. Bi Mkubwa hakuwahi kupungukiwa na mizani hata moja.

Kisha mtu akafanya jambo ambalo lilinikera. Alianza kumtumia Bi Mkubwa shilingi mia tano kwa simu, ili tu jina la mwenye laini litokee kabla ya kubonyeza kukubali, akapiga skrinishoti na kuimwaga kule pembeni. Lilikuwa jina la mwanamume. Shangwe zikapigwa kama tumefunga goli. Nikawauliza: laini ya mama yako ina jina la nani? Maana tangu usajili wa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA ulipokuwa wa lazima, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, nyumba nyingi mno za huku bibi anatumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mjukuu. Bibi mwenyewe vidole vimesagika kwa jembe na kukuna nazi, mashine haivisomi. Jina la mwanamume pale lilithibitisha kuwa laini imesajiliwa. Basi. Nikataka skrinishoti ifutwe, na nikasema atakayepeleka jina lile kwenye kikundi kikubwa nitamtoa. Walinuna, lakini walifuta.

Picha ya wasifu nayo waliitafuta mtandaoni: mwanamke wa buibui mbele ya mlango wa kuchonga. Ikapatikana kwenye matangazo ya utalii. Haya, na nusu ya kikundi chetu wameweka Kaaba na maua ya waridi. Tuseme nao wamejifanya Kaaba?

Ilikuwa dhahiri kwangu kwamba vipimo vyote walivyokuwa navyo vinapima simu, havimpimi mtu. Na vile viwili vyenye uzito, lahaja na jua, vilikuwa vinaniambia kuwa tunaye mtu wa Ujiji msomi wa tenzi. Havikuniambia ni mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto. Nikaona kuliko kuendelea kumzunguka, nimuulize mwenyewe.

Niliandika hivi, usiku baada ya tarawehe: "Shikamoo Bi Mkubwa. Nina swali moja, na jibu lako silipeleki popote bila idhini yako. Ujiji leo mmefuturu nini?"

Tiki zikawa za buluu papo hapo. Jibu halikuja. Kesho yake mchana kikundini kukawa kimya, hakuna Bi Mkubwa. Usiku ule ndipo simu ikalia.

"Mwalimu, samahani sana. Mimi ndiye wa kukuamkia wewe. Shikamoo."

Nilikaa na maneno hayo muda. Mtu anaweza kubadilisha picha na lahaja, lakini shikamoo ina mwelekeo wake, na kuipokea kutoka kwa mtu aliyekuzidi umri ni mzigo unaojua kabisa kwamba si wako. Nikamjibu marahaba. Ndipo akaeleza. Ni kijana wa miaka ishirini na minne. Amemaliza chuo, ajira hana, anauza makava ya simu. Babu yake ndiye aliyemfundisha kuhesabu mizani kwa vidole, na tenzi za zamani alizisoma mwenyewe moja baada ya nyingine, akinakili msamiati wa Kiamu kwenye daftari. Hapakuwa na bibi wala mjukuu wa kuandika.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Rudi nyuma Mwalimu, utafute jina langu."

Nilitafuta. Kweli alikuwamo kikundini tangu zamani kwa jina lake halisi, na bado alikuwamo, amekaa kimya. Shairi lake la kwanza lilipata kidole gumba kimoja. La pili, mzee mmoja alimjibu "kijana jifunze mizani kwanza", na nilipoihesabu ilikuwa sawasawa, kumi na sita kila mshororo. La tatu halikujibiwa na mtu. Lilifuatwa na tangazo la semina. Shairi hilohilo la tatu, maneno machache yakiwa yamegeuzwa kuwa ya Kiamu, ndilo Bi Mkubwa alilileta baadaye, na watu wakalijibu kwa beti mpaka saa nane ya usiku. Hata yule mzee wa "jifunze mizani" alilijibu. Alimwita mama yetu.

Sikutegemea kucheka lakini nilicheka. Pwani tuna ugonjwa huo na tunaujua: ushairi ukitoka Lamu, Mombasa au Pemba ni nazi, ukitoka Kigoma ni mazoezi.

Laiti kisa kingeishia hapo, ningekisimulia kama kichekesho. Lakini nilikuwa na swali jingine, na nililiogopa kidogo. Nikamuuliza: wanawake waliokuwa wanakufuata inboksi, walikuwa wanakuambia nini?

Alichukua muda. "Mambo yao, Mwalimu. Nimeyafuta yote."

Kuna dada mmoja yuko Muscat, ameolewa huko, mzaliwa wa Unguja. Alikuwa na mgogoro na mumewe, mgogoro wa chumbani hasa, wa aina ambayo hata mama mzazi haambiwi. Kwa miezi alikuwa akimweleza Bi Mkubwa, kwa sababu Bi Mkubwa ni mwanamke, ni mjane, ni mkubwa, na yuko mbali. Alikuwa amefika pa kutaka kurudi kwao. Bi Mkubwa akamshauri avumilie, azungumze na mumewe wakati wa utulivu, asitoe siri kwa jirani. Dada akabaki. Ushauri wenyewe, nimeusoma baadaye kwa ruhusa ya dada mwenyewe, haukuwa mbaya. Ungeweza kutoka kwa shangazi yeyote. Isipokuwa shangazi angekuwa ameolewa.

Hapa ndipo nilipotengana kimawazo na wale waliokuwa wakisema "lakabu ni lakabu, ameandika vizuri, mwacheni". Shairi halimwingii mtu nyumbani. Ukisoma beti za ajuza kumbe ni kijana, umepata beti nzuri. Wanaume wametunga kwa ulimi wa mwanamke tangu zamani na hakuna aliyeumia. Lakini yule dada hakumpa lakabu siri zake. Alimpa mwanamke mwenzake, na kijana alizipokea akijua hivyo. Kwangu jina la uongo halikuwa kosa. Kosa ni vile vitu alivyokabidhiwa kwa sababu ya jina lile, akavishika. Siri za ndoa ni kimoja. Shikamoo za wazee ni kingine, ingawa hicho ni chepesi zaidi.

Nilimwambia atakuwa na wiki moja ya kuwaambia mwenyewe, mmoja mmoja, wale waliomwamini, kabla ya kikundi kujua. Alifanya. Sijui aliandika nini kwa kila mmoja. Dada wa Muscat alinipigia simu akiwa na hasira ambayo hata haikuwa na machozi. "Nimemwambia mtoto wa kiume kitu ambacho sijamwambia Mungu wangu kwa sauti," alisema. Sikuwa na la kumjibu. Nilisikiliza.

Kisha kikundi kikaambiwa, na kikawaka. Wazee walikasirishwa na maamkizi kuliko uongo wenyewe. Mmoja wa Mombasa, umri wake sabini na ushei, akaandika, "Nimemwamkia mjukuu shikamoo mwaka mzima!" na watu wakashindwa kujizuia. Wapo waliotaka apelekwe polisi. Mwenzetu mmoja ambaye ni wakili aliwakumbusha kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inazungumzia kujifanya mtu mwingine; kwa maoni yake, Bi Mkubwa hakuwahi kuwa mtu, kwa hiyo mnasema kijana alijifanya nani? Mjadala huo uliwanyamazisha kidogo kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu, na kwa sababu kijana hakuwa amepokea shilingi ya mtu.

Mwenzetu aliyeko Ulaya akaleta kisa cha mwaka 2011. Mtu aliyejiita Amina Arraf, msichana mwenye asili ya Syria na Marekani aishiye Damascus, alikuwa akiandika mtandaoni habari za maandamano ya Syria, na dunia ikampenda. Juni ile yakatokea maandishi, eti ya binamu yake, kwamba Amina ametekwa. Watu wakaanza kampeni za kutaka aachiliwe, hadi Marekani ikaanza kuulizia. Baada ya siku chache ikabainika kuwa ni mwanamume wa Kimarekani, Tom MacMaster, aliyekuwa anasoma Edinburgh. Picha zilizotumika zilikuwa za mwanamke anayeishi London, Jelena Lecic, ambaye hakuwa na habari hata kidogo. Kulikuwa pia na mwanamke wa Canada aliyeandikiana naye muda mrefu akiamini ana mpenzi. Mwenzetu alikileta kisa hicho ili kumtetea kijana: kwamba wapo waliofanya makubwa zaidi. Mimi nilikisoma kinyume. Waliobaki na jeraha hawakuwa wasomaji waliodanganywa kuhusu makala. Ni yule mwanamke wa Canada, na yule mwenye picha, na Wasyria wa kweli ambao baada ya hapo walipaswa kuthibitisha kwamba wapo.

Hilo la mwisho lilitufika na sisi. Wiki iliyofuata bibi wa kweli, mama mmoja wa Bagamoyo aliyekuwa ameingia kikundini kimyakimya, alituma shairi lake la kwanza, na mtu wa kwanza kumjibu alimwambia: "Tuma sauti tuamini." Akatuma. Ilikuwa sauti ya bibi, inakwama, na nyuma yake kuku. Nilimtaka radhi pembeni. Akasema hakuona kosa, lakini hajatuma jingine.

Tuliweka utaratibu baada ya hayo, si mkubwa. Hakuna kumdai mtu uthibitisho kikundini. Mwenye shaka amwone admini. Hakuna kumtumia mtu hela ili kuona jina. Na wanawake tukafungua chumba chetu, ambako anayeingia huletwa na mwanamke aliyewahi kukaa naye uso kwa uso. Si salama kabisa, kwa kuwa simu ya mwanamke inaweza kushikwa na mume, lakini angalau mlango una mtu. Dada wa Muscat nilimwalika, akasema bado.

Kijana hakutolewa. Kura zilikaribiana, na mzee wa Lamu ndiye aliyegeuza mambo, jambo ambalo sikulitarajia. Alisema mtoto wa Ujiji aliyejifunza Kiamu hadi akakosea kwa ch ya chuo amefanya kazi kubwa kuliko wajukuu zake mwenyewe, ambao wanasema macho. Akataka arudi kwa jina lake na kwa Kiswahili chake cha Ujiji. Amerudi. Mashairi yake sasa ni mepesi zaidi, kuna ziwa ndani na kuna mawese, na majibu anapata ya wastani. Wazee wawili hawamjibu kabisa.

Kilichobaki kututatiza ni diwani. Tulikuwa tumeshakusanya tungo za kikundi za kuchapa kitabu, na zaidi ya kumi kati ya zilizoteuliwa ni za Bi Mkubwa. Mzee wa Lamu anasema ziwekwe kwa lakabu, ndivyo zilivyozaliwa. Wanawake wamekataa katakata jina lile kuonekana kwenye jalada wala ndani. Mimi ndiye mhariri, nimeamua zitoke kwa jina halisi la kijana, na lile shairi la kumlilia mume nimelitoa, kwa kuwa wanawake watatu walimwandikia rambirambi. Yeye amekubali yote isipokuwa hilo la kulitoa shairi. Anasema ndilo bora lake. Ni kweli ndilo bora lake. Bado tunabishana, na mchapaji anataka nusu ya fedha kabla ya mwisho wa mwezi.